Asili ya Ng'ombe wa Pwani ya Tanga na Maana ya Neno "Kienyeji"

Mfugaji wa Muheza au Pangani akiulizwa habari za zizi lake, aghalabu hulihesabu kwa mafungu mawili: hawa ni wa kienyeji, na hawa ni chotara. Fungu la kwanza ni ng'ombe wadogo wenye nundu, pembe fupi na rangi za kila namna. Fungu la pili ni ng'ombe wakubwa zaidi, wenye nundu ndogo au wasio nayo kabisa, na wengi wao wana mabaka meusi na meupe. Mgawanyo huu watosha kwa kazi ya kila siku, wala hapana haja ya kumsahihisha mfugaji. Lakini ukiingia katika vitabu vya historia na katika kamusi huzaa kosa, kwa maana humfanya msomaji asadiki kwamba uchotara ulianza juzi, pamoja na mafahali wa Ulaya, na kwamba kabla ya hapo palikuwa na ng'ombe mmoja safi, zao la nchi hii peke yake. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba ng'ombe huyo tumwitaye wa kienyeji ni chotara mwenyewe, tena chotara wa miaka elfu. Na kwamba lugha yetu imehifadhi sehemu ya habari hiyo, ijapokuwa ushahidi wake hauna budi kupokewa kwa tahadhari.

Kwanza tumtazame mnyama. Wataalamu wa mifugo humwita Zebu wa Pembe Fupi wa Tanzania, na chini ya jina hilo huweka makabila mengi ya ng'ombe: wa Kimasai, wa Mbulu, wa Singida, wa Iringa na wengineo. Jike aliyekomaa ana uzito wa kilo 200 hadi 250 hivi, na maziwa yabakiayo baada ya ndama kushiba ni lita moja au mbili kwa siku. Katika Mkoa wa Tanga yuko kwa wingi Handeni, Kilindi na milimani Usambara kuliko katika ukanda wa pwani wenyewe, kwa sababu vichaka vya pwani ni makao ya mbung'o, naye mbung'o hueneza nagana. Kwa hiyo historia ya ng'ombe wa pwani haiwezi kuandikwa bila ya habari za bara iliyo nyuma yake, wala bila ya habari za bahari iliyo mbele yake.

Ng'ombe wote wa dunia wametokana na ufugaji ulioanza mahali pawili. Mahali pa kwanza ni nchi za juu za mto Frati, yapata miaka 10,500 iliyopita; huko alifugwa ng'ombe asiye na nundu, ambaye ndiye mzazi wa ng'ombe wa Ulaya. Mahali pa pili ni upande wa bonde la mto Indus, ambako magofu ya Mehrgarh, yaliyoko katika Pakistani ya leo, yamehifadhi mifupa ya ng'ombe waliofugwa yapata miaka 8,000 iliyopita. Huyu wa pili ndiye mwenye nundu, na ngozi iliyolegea chini ya shingo. Astahimili jua na kiu na malisho makavu kuliko mwenziwe. Afrika ilimpata kwanza yule asiye na nundu. Katika michoro ya Misri ya kale ndiye aonekanaye sana, na wenye nundu huonekana baadaye, tena kwa uchache. Wafugaji walishuka naye kusini wakafika kando ya Ziwa Turkana yapata miaka 5,000 iliyopita, na yapata miaka 3,000 iliyopita walikuwa wamefika nyanda za juu za Kenya ya kusini na Tanzania ya kaskazini. Wengi wa watu hao yamkini walisema lugha za Kikushi.

Basi ng'ombe wa kwanza kuonekana katika nchi zilizo nyuma ya Tanga hakuwa na nundu. Huyu wa leo anayo. Nundu ilitoka wapi?

Jibu lilipatikana katika vinasaba. Kuna vinasaba vya mitokondria, ambavyo mnyama huvirithi kwa mamaye tu, na kuna kromosomu Y, ambayo dume huirithi kwa babaye tu. Katika miaka ya 1990 Daniel Bradley na wenzake wa Dublin walichunguza ng'ombe wa Afrika kwa njia ya kwanza, wakaona jambo lililowastaajabisha wengi: hata ng'ombe mwenye nundu kubwa kabisa wa Afrika ana mitokondria ya ng'ombe asiye na nundu. Upande wa mama, ng'ombe wetu si wa India hata kidogo. Ndipo wataalamu walipoutazama upande wa baba, wakakuta kromosomu Y ya zebu imeenea mno katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 2002 Olivier Hanotte na wenzake, waliokuwa wakifanya kazi katika taasisi ya utafiti wa mifugo iliyoko Nairobi, walitoa matokeo ya kuchunguza makundi 50 ya ng'ombe wa Afrika, na ramani yao ilionyesha kwamba damu ya zebu ni nyingi zaidi upande wa mashariki, katika Pembe ya Afrika na nchi zinazoelekea Bahari ya Hindi, nayo hupungua kadiri mtu aendavyo magharibi na kusini. Maana yake ni kwamba mlango mkuu wa damu hiyo ulikuwa bahari, wala si njia ya nchi kavu ya Misri.

Zebu, basi, hakuja akamfukuza mwenyeji. Walioacha alama ni mafahali. Nao hawakuhitaji kuwa wengi, kwa kuwa fahali mmoja aweza kupanda majike makumi kwa mwaka, na mfugaji aliyeona kwamba ndama wenye nundu hawafi upesi wakati wa ukame alimchagua fahali wa namna hiyo tena na tena. Uchunguzi mwingine uliochapishwa mwaka 2020, wa vinasaba vyote vya ng'ombe 172 wa Afrika, ulikadiria kwamba mchanganyiko mkubwa ulitokea katika Pembe ya Afrika kati ya miaka 1,050 na 750 hivi iliyopita, kisha ukaenea. Msomaji wa historia ya Waswahili atautambua wakati huo mara moja: ni karne zile zile ambazo miji ya mawe ya pwani ilikua, na vyombo vya pepo za kaskazi na kusi vikashika safari zake za kila mwaka.

Sasa tugeuke upande wa lugha, ambako pana jambo la kupendeza, lakini lenye hatari. Chukua maneno ya zizini. Ng'ombe ni neno la Kibantu, ambalo kwa sura moja au nyingine lasikika toka pwani hii hata kusini kabisa ya Afrika. Ndama ni la Kibantu. Mtamba, yaani jike asiyezaa bado, na mbuguma, yaani jike aliyekwisha kuzaa, ni ya Kibantu. Kukama ni la Kibantu, na maana yake ya asili ni kubana na kukamua. Maziwa na mtindi, hali kadhalika. Lakini dume la mbegu huitwa fahali, na hilo ni neno la Kiarabu. Na dume lililohasiwa huitwa maksai, nalo ni la Kiarabu. Mama, mtoto na maziwa vina majina ya hapa. Baba ana jina lililovuka bahari. Na neno chotara lenyewe huhesabiwa kuwa na asili ya Kihindi.

Mtu mwenye haraka angesema: tazameni, kamusi na maabara zimeafikiana! Mimi nasita, na nadhani ni haki kueleza kwa nini. Kwanza, asili ya damu ni India, ilhali asili ya neno ni Uarabuni; njia moja haithibitishi nyingine. Pili, katika Kiarabu neno hilo halihusu ng'ombe peke yake, bali dume lolote lenye nguvu ya mbegu, ngamia na farasi wakiwamo. Yaani lilikuja kwetu likiwa neno pana, likabanwa na matumizi. Tatu, lugha za wafugaji wa bara zina maneno yao wenyewe ya fahali, kama vile nzagamba katika Kisukuma na ndegwa katika Kikuyu, ingawa ng'ombe wao wana damu ile ile ya zebu. Kama neno lingefuatana na fahali kila alikokwenda, Wasukuma nao wangelikuwa nalo. Kwa rai yangu, fahali na maksai ni maneno ya soko. Watu wa miji ya pwani hawakuwa wafugaji wakubwa. Walikuwa wanunuzi, wachinjaji na wasafirishaji, na mnyama afikaye sokoni na bandarini kwa kuuzwa ni dume kuliko jike, kwa maana jike mzazi hauzwi ila kwa dhiki. Lugha ya biashara iliyagusa majina ya wauzwao, ikawaacha wabakio nyumbani na majina yao ya zamani. Neno fahali limeota mizizi hata likaingia katika methali ya mafahali wawili wasiokaa zizi moja, lakini mizizi mirefu si ushahidi wa mahali mbegu ilikotoka.

Hata hivyo, kuyaweka mambo haya mawili pamoja si kazi bure. Yote mawili yanakanusha picha ya pwani iliyopokea kila kitu kutoka nje, na yanakanusha vile vile picha ya pwani iliyojifunga. Mama alikuwapo.

Ushahidi wa maandishi ni mchache, ila upo. Al-Masudi, aliyefanya safari yake ya mwisho kutoka Qanbalu mwaka 916, aliandika kwamba Wazanji hawana farasi wala nyumbu wala ngamia, bali hutumia ng'ombe, huwatandika na kuwapanda, hata vitani. Wanachuoni wengi huona kwamba Qanbalu ni kisiwa cha Pemba, kinachotazamana na Tanga. Neno lake juu ya ng'ombe wa vita limerudiwa mara nyingi kama kichekesho cha msafiri. Kwangu mimi lina thamani nyingine, kwamba katika karne ya 10 ng'ombe wa pwani hii walikuwa wengi na wenye nguvu za kutosha hata mgeni awaone kuwa ndio alama ya nchi.

Karne sita baadaye Padri Monclaro, aliyekuwa katika msafara wa Kireno wa Francisco Barreto ulioondoka Lisbon mwaka 1569, aliandika habari za Wasegeju walioishi nyuma ya Malindi: wafugaji, wenye kuishi kwa maziwa na damu ya ng'ombe wao. Watu hao ndio walioisaidia Malindi kuwashinda Wazimba mwaka 1589. Leo wazao wao wako katika pwani ya Mkinga na Tanga, na kuvuka mpaka hadi Vanga. Nao ni wavuvi na wakulima. Asomaye jina la Wasegeju leo hafikiri ng'ombe, bali dau na wavu. Hivyo ndivyo historia ya mifugo inavyopotea: watu hubaki, jina hubaki, zizi huondoka.

Milimani Usambara twakuta mfano mwingine, ambao wasomaji wa jarida kama hili wataujua kwa sababu ya lugha yake. Wambugu, wafugaji wa misitu ya juu, wana lugha ya Kima'a, ambayo sarufi yake ni ya Kibantu, jamaa ya Kipare, na maneno yake mengi ya msingi ni ya Kikushi. Meinhof aliishughulikia mapema katika karne ya 20, na Maarten Mous alitoa kitabu kizima juu yake mwaka 2003. Kuna waliokwisha kuiita lugha chotara. Si halali kusema kwamba lugha huchanganyika kama ng'ombe wachanganyikavyo, kwa sababu lugha haina kromosomu, na watu huchagua maneno yao kwa nia. Lakini ni halali kusema kwamba wafugaji wa kale wenye asili ya Kikushi, ambao ng'ombe wasio na nundu walipitia mikononi mwao, hawakutoweka katika milima ya Tanga bila ya kuacha sauti.

Mwishoni mwa karne ya 19 makundi yote ya Afrika ya Mashariki yalipatwa na sotoka. Iliingia Massawa mwaka 1887, na mwaka 1891 ilikuwa katika nchi ya Wamasai, ikaua ng'ombe wengi kuliko waliosalia. Inakadiriwa kwamba mahali pengi walikufa zaidi ya tisa katika kila kumi. (Ugonjwa huo ulitangazwa kwisha duniani mwaka 2011.) Makundi yaliyoinuka tena yalitokana na masalio ya huku na huku, yaliyonunuliwa, kuazimwa na kutekwa. Kwa hiyo hata mtu aaminiye kwamba ng'ombe wa kienyeji alikuwa safi mwaka 1880, hawezi kuamini kwamba alikuwa safi mwaka 1910.

Ni katika hali hiyo ndipo Wazungu walipoanza majaribio yao. Wajerumani waliweka shamba la serikali huko Kwai, Usambara Magharibi, wakajaribu mifugo na mimea ya kwao katika baridi ya milimani. Katika kipindi cha Waingereza kazi kubwa ilifanyika mbali na Tanga, katika kituo cha Mpwapwa. Huko walichukua mafahali wa Sahiwal na Sindhi Mwekundu, ambao wote wametoka nchi za Indus, wakawachanganya na zebu wa hapa, na Borana, na sehemu ndogo ya damu ya Ulaya. Ng'ombe aliyepatikana alitangazwa mwaka 1958 kwa jina la Mpwapwa, na zaidi ya nusu ya damu yake ni hiyo ya Sahiwal na Sindhi. Wakuu wa kituo waliona kuwa wamefanya jambo jipya, na kwa hesabu ya kumbukumbu zao lilikuwa jipya. Lakini fahali wa Indus juu ya jike wa Afrika ni ndoa ile ile ya miaka elfu iliyotangulia, iliyofungwa mara ya pili mbele ya karani.

Pwani yenyewe ilikuwa na shida yake. Mkonge, ulioletwa mwaka 1893 na Richard Hindorf, ulikuwa umekusanya maelfu ya wafanyakazi katika mashamba ya Tanga, na wafanyakazi huhitaji kitoweo. Mwaka 1952 kampuni ya mkonge ya Amboni ilianzisha ranchi ya Mkwaja, kusini ya Pangani, katikati ya nchi ya mbung'o. Ng'ombe waliochaguliwa ni Borana, zebu wakubwa wenye asili ya kusini ya Ethiopia na kaskazini ya Kenya. Nao waliishi kwa sindano za kinga dhidi ya nagana. Taarifa ya watafiti iliyotolewa mwaka 1985 ilionyesha kwamba kwa dawa hizo walizaa na kukua vizuri. Hata hivyo ranchi ilifungwa mwaka 2000, na ardhi yake imo sasa katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Katika Kenya, huko Galana, watafiti wa miaka ya 1980 waliona kuwa Borana waliofugwa na Waorma wa mto Tana walistahimili nagana kuliko Borana wa mashamba makubwa, ingawa kwa jina ni jamaa moja. Waorma walikuwa wamewaweka ng'ombe wao kando ya mbung'o kwa vizazi vingi, na mbung'o amefanya uchaguzi ambao hakuna mtaalamu aliyeufanya.

Tanga ilimpiga vita mbung'o kwa njia nyingine pia, nami siwezi kuiacha. Katika taasisi ya utafiti ya mjini Tanga walizalishwa mbung'o madume waliofanywa tasa kwa mionzi, wakarushwa kwa ndege juu ya Unguja toka mwaka 1994, zaidi ya milioni nane, hata mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa hakina mbung'o tena. Safari hii dume aliyevuka bahari alitoka Tanga.

Mwaka 1985 ulianza mradi wa ng'ombe wa maziwa wa Tanga, kwa msaada wa Uholanzi. Mitamba chotara wa Friesian iligawiwa kwa wafugaji wadogo, chama cha ushirika cha wauza maziwa kiliundwa mwaka 1993, na kiwanda cha Tanga Fresh kikafuata mwaka 1996. Chotara wa kwanza, mwenye nusu ya damu ya Friesian, hutoa maziwa mara kadha kuliko mamaye, na nyumba nyingi za Muheza na Tanga zimesomesha watoto kwa maziwa hayo. Sina neno baya juu ya kazi hii. Neno langu ni juu ya hatua ifuatayo.

Mfugaji aliyepata faida kwa nusu hutamani robo tatu, na mwenye robo tatu hutamani zaidi. Siku hizi baba mwenyewe haonekani. Huja katika mrija wa mbegu zilizogandishwa. Cunningham na Syrstad, waliokusanya mwaka 1987 matokeo ya majaribio ya nchi nyingi za joto, waliona kwamba maziwa huongezeka mpaka damu ya Ulaya ifikapo nusu, na baada ya hapo faida haionekani wazi, wakati matatizo ya uzazi na uhai wa ndama huongezeka. Katika joto la pwani, penye kupe na ndigana kali, ng'ombe wa robo tatu huhitaji majani ya kukatiwa, dawa ya kuogeshea na mganga wa mifugo aliye karibu. Mwenye vitu hivyo aweza kumweka. Asiye navyo humzika.

Hapa ndipo neno "kienyeji" linapogharimu fedha. Mfugaji aambiwaye kwamba ng'ombe wake wa kienyeji hana historia, kwamba ni kitu kilichobaki nyuma tu, haoni hasara kuifuta damu yake yote kwa vizazi vitatu. Angeambiwa kwamba huyo ni chotara aliyepimwa na ukame, na kupe, na sotoka, kwa muda wa miaka elfu, huenda angehesabu mara mbili. Watengenezaji wa kamusi wangeweza kumsaidia kwa jambo dogo: wasifasili ng'ombe wa kienyeji kuwa ni yule asiyechanganywa.

Na wale watunzao kumbukumbu za uzalishaji wangeweza kumsaidia kwa jambo kubwa zaidi. Chotara wa Tanga hutajwa kwa hesabu: nusu, tano kwa nane, robo tatu. Hesabu hiyo hupima damu ya Ulaya peke yake. Ng'ombe wa tano kwa nane ana sehemu tatu nyingine ndani yake, ambazo zaweza kuwa za Borana wa ranchi, au za Sahiwal, au za zebu mdogo wa Handeni, na tofauti baina ya hao watatu mbele ya mbung'o na kupe ni kubwa. Mahali pa kuiandika sehemu hiyo, yaani ya mbuguma, hapana budi pawekwe katika kadi.